Kisu cha Mume Wangu na Mifupa ya Akika

Kisu kile kiliingia nyumbani kwetu kabla ya mtoto, na kwa miezi kadhaa kikapata malezi ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuyapata katika ndoa hii. Kilipakwa mafuta. Kilifutwa kwa kitambaa cha pamba. Kilitengewa sehemu yake kabatini, mbali na mvuke wa birika, na mume wangu akirudi kazini alikuwa anakijulia hali kwanza ndipo aniulize kama nimekula.

Mume wangu anafanya kazi kiwandani, huko Jacobs, mtaa wa viwanda hapa Durban. Wenzake wa zamu wana mapenzi ya ajabu na vyuma, na mmoja wao ndiye aliyemwonyesha picha kwenye simu: kisu cha Nepali, kinachofuliwa kwa nyundo na wahunzi wa milimani, kila kimoja na sura yake. Wenyewe wanakiita khukuri. Akakiagiza pamoja na jirani yetu Mkongomani, fundi simu anayekaa mlango wa tatu kutoka kwetu, vikaja viwili ndani ya kifurushi kimoja. Siku walipovifungua mezani kwangu nilidhani wamepata watoto pacha.

Sikatai, kilikuwa kizuri kukitazama. Mgongo wake ulikuwa mnene kama kidole changu cha shahada, halafu chuma kinapinda kwenda chini na kutanuka tumboni, kisha kinachongoka. Kilikuja na ala ya ngozi ya nyati, na ubavuni mwa ala vimechomekwa visu vidogo viwili, kimoja cha kazi ndogondogo, kingine butu, cha kunyooshea makali ya mkubwa wao. Mume wangu akanieleza yote hayo kama mtu anayetambulisha wakwe.

Akajiunga na kundi la wenye visu hivyo kwenye simu. Humo mlikuwa na watu wa nchi za baridi, mmoja anapasua kuni, mwingine anafyeka matawi msituni, mwingine kakilaza kisu chake juu ya theluji na kukipiga picha. Kila mmoja anatoa maoni yake: chuma kikoje, mpini ukoje, uzani ukoje. Mume wangu alikuwa ananisomea maoni hayo wakati wa chakula. Nilitazama picha zile zote, sikuona hata mtu mmoja aliyeshika kitunguu.

"Huyu anasema mpini unachubua mwanzoni, lakini mkono unazoea," akanisomea siku moja.

"Mkono wa nani?" nikamwuliza.

Maana mpishi ni mimi. Ninapikia watu pilau na biriani za shughuli hapa Albert Park, na wengine wananiita hadi Westville kwenye majumba yao ya bustani. Kisu kikiingia jikoni kwangu kinaingia kazini. Na kile mume wangu aliniomba nikitumie kila siku, kwa sababu wajuzi wa kundini walisema kisu kisichotumika kinakufa.

Basi nikakitumia, na haya ndiyo maoni yangu mimi, ambayo hakuna aliyeniomba niyaandike kundini. Katikati ya mpini kuna uvimbe umechongwa kuuzunguka kama pete, eti mkono usiteleze. Uvimbe huo ulinitoa lengelenge wiki ya kwanza, likapasuka, likatoka jingine. Nikikatia vitunguu na ndimu, chuma kinageuka cheusi, na kachumbari inapata rangi ya maji ya kufulia. Nikikisuuza na kukiweka kando nigeuke kutafuta kitambaa, nikirudi kimeshaanza madoa ya kutu, maana hewa yetu hapa ina chumvi na joto la Durban halina huruma. Ala nayo ikaota ukungu wa kijani msimu wa mvua.

"Umekiacha na maji," mume wangu akawa ananiambia, kakishikilia dirishani.

"Nimekiacha kwa sababu sufuria lilikuwa linafurika."

"Dakika moja tu ya kukifuta, mke wangu."

Dawa yake ilikuwa mafuta ya cherehani. Anakipaka jioni, asubuhi mimi nasahau, nakatia nyama. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi, mama mtu mzima, akala pilau langu na kuniuliza kwa adabu leo nimetia kiungo gani kipya. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku nyingine nikakipigia kuku aliyeganda kwenye friji, nikatumia sehemu ya karibu na mpini, makali yakajikunja. Mume wangu alisononeka kama kafiwa. Akanielimisha kwamba wahunzi wa kule, chuma kikiwa bado chekundu, wanamimina maji ya birika kwenye tumbo la kisu peke yake, kwa hiyo tumbo ndilo gumu, shingo na ncha ni laini. Nikamwuliza kwa nini basi wanatengeneza kisu ambacho robo tatu yake haikati. Akaenda kuwauliza wenzake wa kundini namna ya kukinyoosha.

Nisiwe mnafiki. Kwenye nazi hakina mpinzani, pigo moja la mgongo wake na nazi inafunguka pande mbili bila kumwaga maji ovyo. Boga gumu, mihogo minene, muwa, hapo nilikuwa nakiheshimu. Lakini mtu hali nazi kutwa kucha. Jirani yetu Mkongomani yeye chake kilichomoka mpini akikata miwa, akaurudisha kwa gundi ya kubandikia vioo vya simu, na bado akawa anakisifu ngazini kwa kila mtu. "Maman, ile kisu iko sérieux," ananiambia. "Mimi minaikatiaka kila kitu." Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walishasema, na mimi kidonda nilikuwa nacho kiganjani.

Ndipo akazaliwa mtoto wetu, binti, baada ya miaka ya kungoja na kupoteza. Alizaliwa mzima, ana sauti ya kuamsha jengo zima, isipokuwa nyayo zake zote mbili zilikuwa zimepinda kwa ndani, zinatazamana. Hospitali wakatuambia hali hiyo inatibika. Wakaanza kumfunga plasta miguu yote miwili, kutoka vidoleni hadi mapajani, kila wiki wanaifungua, wanainyoosha kidogo kwa mikono, wanafunga nyingine. Nilikuwa nampakata na ile miguu mizito kama matofali, yeye ananitazama tu, na mimi nawaza jambo moja kutwa: je, atatembea?

Mama yangu yuko Tanga. Nilipompigia simu na kumwonyesha plasta, aliuliza akika ya mtoto lini. Akika ni mbuzi anayechinjiwa mtoto aliyezaliwa, watu wakala na kumwombea dua. Kwetu mbuzi huyo havunjwi mfupa. Anakatwa kwenye maungio, kiungo kwa kiungo, kwa subira, na baada ya watu kula mifupa inakusanywa yote, inafungwa kwenye kitambaa cheupe na kuzikwa, ili viungo vya mtoto navyo viwe salama.

"Mwanangu, usije ukaacha ukavunjwa mfupa hata mmoja," mama akaniambia. "Kwa mtoto huyu hasa. Mwacha mila ni mtumwa."

Mume wangu ni Mtanzania mwenzangu, akika anaijua, lakini alikulia mjini kwenye nyumba ambayo nyama ya akika ilikuwa inatoka kwa mchinjaji imeshakatwakatwa. Nilipomweleza maneno ya mama alicheka kidogo. "Daktari anafunga plasta, mama yako anafunga mifupa ya mbuzi. Tumfuate nani?"

"Wote wawili," nikamwambia. "Unapungukiwa nini?"

Sikuwa na uhakika kama naamini au siamini. Nilikuwa naogopa, basi. Mtu mwenye mtoto wa plasta hakatai dua wala hakatai daktari. Nikamwambia mume wangu naomba mambo mawili tu: kisu chake kibaki kabatini siku hiyo, maana kile kazi yake ni kuvunja, na kila atakayekuja kusaidia jikoni aambiwe mapema kwamba mfupa hauvunjwi. La pili alilikubali. La kwanza aliniomba radhi, wenzake wa kiwandani wanakuja na alishawaahidi watakiona. "Kitakaa mezani tu, hakitagusa nyama," akasema. "Na jirani nitamwambia mimi mwenyewe."

Mbuzi tulimpata kwenye shamba moja nje ya mji. Kuchinja, mume wangu alichinja kwa kisu chembamba cha pale pale, akasoma dua ya mtoto vizuri hadi nikalengwa na machozi. Mbuzi akachunwa, akaja nyumbani mzima ndani ya beseni. Lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa kama kawaida yake, wakampandisha kwa ngazi.

Nikakaa jikoni na kisu changu kidogo, kile cha siku zote. Mikono ya mbuzi, yaani miguu ya mbele kama wauza nyama wa kwetu wanavyoiita, ilitoka bila tabu, maana pale bega limeshikwa na nyama tupu. Miguu ya nyuma ndiyo ilinitesa. Lazima utafute kiungo cha nyonga kwa kidole, uzungushe paja hadi lijifungue lenyewe, kisha ushuke gotini. Mguu wa kulia niliumaliza vizuri, jasho linanitoka, nikajisikia fahari kama mtoto aliyehitimu madrasa. Wa kushoto niliutoa kwenye nyonga nikauweka kwenye ubao. Mtoto akalia kutaka kunyonya, nikanawa mikono nikaenda chumbani. Mume wangu alikuwa chini mlangoni, anawapokea wageni.

Nikiwa nanyonyesha nikasikia jikoni: ko! Mara moja tu. Moyo wangu ulijua kabla yangu. Nikatoka na mtoto bado yuko kifuani.

Jirani yetu Mkongomani alikuwa amesimama mbele ya ubao, khukuri ya mume wangu mkononi, uso umemjaa furaha. Alipita kutusalimu, akaona mlango uko wazi, nyama nyingi, hakuna mtu, na kisu kimelala mezani kinamtazama. Muundi wa mguu wa kushoto ulikuwa vipande viwili, umekatwa safi kama muwa.

"Maman, ona! Na coup moja tu!" akaniambia.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia akiweke kisu chini, atoke jikoni kwangu, amemvunja mtoto wangu. Ndiyo, nilisema hivyo hivyo, amemvunja mtoto wangu. Yeye akabaki kaduwaa, anamtazama mtoto, anaitazama nyama, anatafuta alipokosea.

"Pardon, maman. Minaona nyama iko mingi, minasema nisaidie kidogo. Kwetu mbuzi tunakataka na mifupa yake yote."

"Mume wangu hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

Hapo hasira yangu ikahama. Mume wangu alikuwa na wiki nzima ya kusema sentensi moja, wanakutana ngazini asubuhi na jioni, wanaongea habari za makali na mipini hadi wanachelewa kazini, na sentensi hiyo ilimshinda. Baadaye alikiri kwamba aliona haya. Aliogopa Mkongomani atamwona mshamba.

Nikafunika ubao na khanga. Mume wangu akaingia anahema kwa ngazi, amesikia kelele tangu ghorofa ya chini. Jirani akamweleza, huku anajifuta mikono kwenye suruali. Na mume wangu hakuniangalia mimi, hakufunua khanga kuitazama nyama, alikwenda moja kwa moja kwenye kisu. Akakiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye makali.

"Kimepata pengo," akasema.

Nilimtazama hadi akajishtukia. "Ni mfupa wa mbuzi tu, mke wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Wageni wako mlangoni."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nikampa mtoto, nikafunga mlango wa jikoni, nikamalizia kukata peke yangu na kupika, kwa sababu watu wamekuja kula na kuomba dua na hawana kosa. Walikula wakashiba. Wenzake wa kiwandani walikizunguka kile kisu kama waganga. Nikawa napita katikati yao na sinia, natabasamu, nakusanya mifupa kwenye sahani zao mmoja mmoja, na ninamchukia mume wangu kwa moyo mkunjufu kabisa.

Mifupa niliiosha mwenyewe. Ule uliovunjika niliuunganisha, nusu kwa nusu, nikauzungushia kitambaa peke yake kwanza ndipo nikaufunga pamoja na mingine. Kwenye ghorofa za Albert Park huna udongo wako hata wa kuzika kijiti, kwa hiyo familia moja ya Westville ninayoipikia ikaniruhusu kona ya bustani yao. Nikachimba kina kirefu kwa sababu ya mbwa wao. Mume wangu hakuja, alikuwa zamu. Mama alipopiga simu na kuuliza kama mifupa yote imezikwa mizima, nikasema mizima.

Jirani sikumwekea kinyongo. Mkewe alileta sombe, kisamvu cha kwao, yeye mwenyewe akasimama nyuma yake anatazama viatu, nikamwambia yameisha, asiyejua hana kosa. Lakini mume wangu alijua. Usiku ule ule wa akika aliandika kundini habari ya pengo la kisu chake, na watu wa nchi zile za baridi wakampa pole. Walimpa pole nyingi sana. Akawa anazisoma kimyakimya, simu kaigeuzia ukutani, na mimi nimelala upande wa pili na mtoto katikati, plasta zake zinanigonga tumboni kila akijigeuza. Kwa wiki kadhaa tuliongea mambo ya lazima tu: chumvi imeisha, ufunguo uko wapi, zamu yako lini. Nilikuwa nataka aseme neno moja kuhusu mguu ule, hata "ni kosa langu", hata "nisamehe", na yeye alikuwa ananiletea matunda.

Siku ya hospitali tulienda wote wawili. Wakafungua plasta, na mguu wa kulia wa binti yangu ulikuwa umenyooka, mzuri, mwembamba kwa kukaa gizani. Daktari akaushika wa kushoto, akausukuma juu taratibu, akausukuma tena. Akatuambia kano la kisigino upande huo bado fupi, haliachii. Watalikata kidogo, kijikato tu, halafu plasta nyingine, halafu viatu maalumu. Akasema ni jambo la kawaida, watoto wengi wanafanyiwa. Alisema kwa upole na nilimwamini. Mume wangu alikuwa anautazama ule mguu wa kushoto.

Tukatoka kungoja kwenye benchi la korido. Mtoto kalala mapajani mwa mume wangu, nyayo wazi. Nilipomgeukia nikaona kidevu kinamtetemeka, mwanamume huyu aliyenicheka mimi na mama yangu.

"Ule mfupa," akasema. "Siku ile. Ulikuwa wa mguu upi?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu siku ya akika. Jibu lake nilikuwa nalo, nimeliosha kwa mikono yangu na kulifunga kitambaa, na nilishawahi kujiona nikimpa jibu hilo usoni, polepole, ili limwingie vizuri.

"Haukuwa mguu," nikamwambia. "Ulikuwa mkono."

"Mkono? Una hakika?"

"Nani aliyeifunga ile mifupa, mimi au wewe?"

Akashusha pumzi. Halafu akainama, akaishika mikono ya binti yetu, wa kushoto kwanza, akaanza kumkunjua vidole kimoja kimoja kutazama kama vimenyooka.